IBN HAJAR YUPI?

Ndugu Muislamu, ukiambiwa "Ibn Hajar amesema," usikubali wala usikanushe kabla ya kuuliza: yupi? Wote wawili jina lao Ahmad, na madhehebu yao ya Shafi. Ahmad bin Ali al-Asqalani, mwenye Fat-hul Bari, alifariki Misri mwaka 852 H. (1449). Ahmad bin Muhammad al-Haytami, mwenye Tuhfa, alifariki Makka mwaka 974 H. (1567).

Wala jina la baba halitoshi: al-Maqrizi, mwandishi wa tarikhi ya Misri, aliyefariki mwaka 845 H. (1442), naye ni Ahmad bin Ali.

Mwenye kumpachika huyu neno la yule amemzulia maiti asiyeweza kujitetea, na amewapoteza walio hai. Elimu ni amana: taja nisba, taja na kitabu.