Unanunua Mashine ya Kutafuta Dhahabu? Soma Hii Kabla ya Kutuma Pesa

Vigunduzi vya metali, zile mashine zinazolia ukizipitisha juu ya ardhi yenye chuma, sarafu au dhahabu, si za makampuni makubwa peke yake tena. Kuna vikundi vya vijana Migori na Kakamega vinavyochanga kununua mashine moja ya pamoja. Kuna wachimbaji wadogo Turkana na Pokot Magharibi. Na kuna watu wa kawaida kabisa wanaopenda kutembea ufuoni Jumapili asubuhi wakitafuta pete na sarafu zilizodondoka, kama vile wengine wanavyopenda kuvua samaki. Karibu wote hupitia njia moja: wanaona tangazo kwenye simu, wanaongea na muuzaji kwa WhatsApp, halafu wanalipa kwa simu hiyo hiyo.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Tunaona pesa ikitoka kwako kwenda kwa mwingine, lakini hatuoni kilicho ndani ya kasha. Kwa hivyo kazi ya kujua kama mashine ni halisi inabaki kwako, na inafaa ifanyike kabla hujaweka PIN.

Tuanze na pesa yenyewe. Minelab GPX 5000, modeli ambayo wachimbaji wengi Afrika wanaijua kwa jina, ikiwa halisi na mpya hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Tuseme wanachama kumi wa chama wameweka elfu kumi kila mmoja, wakaona tangazo la "GPX 5000 original, 95,000 tu, imebaki moja". Wanaona kama bahati imewaangukia. Lakini muuzaji gani mwenye akili timamu atauza kitu cha thamani hiyo kwa sehemu ndogo ya bei yake? Ikiwa si ya wizi, basi ni feki, na hakuna kati ya hizo mbili unayotaka.

Feki hizi zilitoka wapi

Kisa hiki kinajulikana vizuri kwa sababu kampuni yenyewe ilikieleza hadharani. Minelab ni mali ya kampuni ya Australia inayoitwa Codan, yenye makao Adelaide. Mnamo 2011, kompyuta ya mmoja wa wafanyakazi wake ilidukuliwa alipokuwa safarini China akitumia intaneti ya hoteli. Michoro ya mashine za dhahabu ikaibwa. Baada ya muda, mashine zenye jina la Minelab zikaanza kurudishwa kwenye vituo vya huduma zikiwa mbovu, na mafundi walipozifungua wakakuta vipuri vya hali ya chini ambavyo kampuni haikuwahi kutumia. Soko kubwa la nakala hizo lilikuwa Afrika, bara letu hili hili. Codan ililazimika kushusha bei ya mashine zake halisi ili kushindana na feki, na faida yake ikaanguka kutoka dola za Australia milioni 45 hadi takriban milioni 9 katika mwaka ulioishia Juni 2014.

Tunasimulia haya ili uelewe kwamba feki ya siku hizi si kitu cha kuchekesha chenye jina lililoandikwa vibaya. Iliyotengenezwa kutokana na michoro halisi inafanana na yenyewe kwa rangi, vitufe, kasha na hata kitabu cha maelekezo. Inawaka na inalia ukiipitisha juu ya panga. Utofauti unakuja shambani. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi, na mashine ya bei kali unailipia hasa kwa uwezo wake wa kupuuza udongo huo na kusikia kipande kidogo cha dhahabu ndani yake. Hapo ndipo vipuri vya bei rahisi vinaposhindwa: mashine inalia ovyo kila hatua, au inanyamaza kabisa. Mchimbaji anachimba mashimo hamsini na kutoka na misumari na mawe ya moto.

Bei ya chini pekee si ushahidi

Hapa watu wengi huchanganya. Kuna mashine za bei nafuu zinazouzwa kwa jina lake halali, kwa mfano zile za MD-4030 zinazotoka China. Hizo si bandia. Ni mashine za kujifunzia, nzuri kwa mtoto, kwa ufuo, au kwa kutafuta funguo zilizopotea shambani. Hazitakupatia dhahabu ndogo Nyatike, na muuzaji mwaminifu atakuambia hivyo. Bandia ni ile inayovaa jina la mwingine. Wakati mwingine hata kifaa kidogo kinaigwa: kile cha mkononi cha Garrett, Pro-Pointer, cha kuchokonolea ndani ya shimo, kina nakala nyingi sokoni.

Kama bajeti yako ni ndogo, maoni yetu ni haya: nunua mashine ndogo halisi kuliko kubwa ya uongo. Ya kwanza utaiuza tena ukichoka nayo.

Ukisikia "mita kumi", kata simu

Kigunduzi hufanya kazi kwa koili inayotoa nguvu ya sumaku ardhini na kusikiliza jibu. Nguvu hiyo hupotea haraka mno. Kwa kitu kidogo, ukiongeza umbali mara mbili, ishara inayorudi hudhoofika karibu mara 64. Ndiyo maana mashine nzuri ya kawaida yenye koili ya inchi 11 husikia sarafu kwa takriban sentimita 20 hadi 30, na punje ya dhahabu kama ya mchele kwa sentimita chache tu. Koili kubwa na mashine za gharama hufika chini zaidi kwa vipande vikubwa, lakini anayekuahidi kipande kidogo cha dhahabu kwa mita kumi chini anakudanganya, hata akikutumia video.

Vivyo hivyo kwa anayesema mashine yake inalia kwa dhahabu tu na si kitu kingine. Dhahabu ndogo na karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara hutoa majibu yanayofanana sana. Hakuna mashine ya mkononi inayoweza kuzitofautisha kwa uhakika, na ukimuuliza mchimbaji mzoefu atakuambia amechimba vifuniko vya soda vya kutosha kujaza debe.

Kisha kuna wale wa "masafa marefu": kishikio chenye antena moja au mbili zinazogeuka zenyewe kuelekea dhahabu iliyo kilomita moja mbali. Hawa tunawatenga kabisa, kwa sababu hata kifaa "halisi" cha aina hii hakifanyi kazi. Antena inageuzwa na mkono wa aliyeishika bila yeye kujua. Mwingereza James McCormick aliuza vifaa vya namna hii, ADE 651, kwa maelfu ya dola kila kimoja kama vigunduzi vya mabomu. Iraq ilikuwa mnunuzi mkubwa. Asili yake ilikuwa kitu cha kuchezea cha kutafuta mipira ya gofu, cha chini ya dola 20. Mwaka 2013 alifungwa miaka 10. Ikiwa serikali ilidanganywa, usijione mjinga kwa kuvutiwa, ila usilipe.

Kabla ya kulipa, ijaribu

Muulize muuzaji picha ya namba ya siriali, kisha iandikie kampuni iliyotengeneza mashine kupitia tovuti yake. Minelab na Garrett zote zinaonyesha orodha ya wauzaji walioidhinishwa. Kumbuka tu kwamba namba sahihi haitoshi, maana wenye feki hunakili namba moja halisi na kuibandika kwenye mashine nyingi. Jibu la "namba hii haipo" linakuokoa. Jibu la "namba hii ipo" linakupeleka hatua inayofuata, basi.

Hatua hiyo ni kuishika kwa mikono yako, iwe dukani Luthuli, Kisumu au popote. Beba sumaku, pete, msumari, karatasi ya alumini na chubwi dogo la risasi, lile la wavuvi. Chubwi ni muhimu, kwa sababu wachimbaji hutumia risasi badala ya dhahabu wanapojaribu mashine. Sarafu inayoshikwa na sumaku iache nyumbani, mashine inaweza kuiona kama chuma cha kawaida na ukalaumu mashine bure. Omba kutoka nje mpaka penye udongo. Fukia chubwi sentimita 5, kisha 10, kisha 15, na pitisha koili polepole. Inua koili, iteremshe karibu na ardhi tupu: ukishairekebisha kwa udongo huo, mashine nzuri hutulia. Ikiendelea kupiga kelele, rudisha. Muuzaji akikataa jaribio hili, amekwisha kukujibu.

Sasa upande wa malipo

Wanaouza feki na wanaouza hewa hutumia mbinu zinazokaribiana. Muuzaji yuko Nairobi, wewe uko Migori, na "mzigo hautoki bila deposit". Unatuma elfu ishirini. Kesho yake kuna ada ya kuondoa mzigo uwanja wa ndege, keshokutwa ushuru umepanda, halafu dereva anahitaji mafuta. Kila ombi ni dogo kuliko lililotangulia, na kila mara unajiambia umeshafika mbali mno kuacha. Pesa iliyotangulia imetangulia. Usiifuate.

Lipa kwa till ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi, na soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Duka linajiita jina moja kwenye tangazo na till inaleta jina la mtu usiyemjua? Simama hapo, uliza. Muuzaji anayesema "till imeharibika leo, tuma kwa namba ya shemeji" anajua kwa nini anasema hivyo. Ikiwa mnanunua kama chama, mwenye simu asilipe akiwa peke yake. Wawili wasome jina na kiasi pamoja. Hapo hamtalaumiana baadaye.

Na kama ni lazima mzigo usafirishwe kwa basi, mtafute ndugu au rafiki aliye mji wa muuzaji aende akaone na kujaribu, kisha wewe ulipe akiwa bado amesimama pale.

Kuhusu kurudisha pesa, tuseme wazi: huduma ya kurudisha muamala imewekwa kwa ajili ya pesa iliyotumwa kwa namba isiyo sahihi. Haiamui ugomvi wa bidhaa mbovu, na pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Hata hivyo tupigie mara moja ukigundua umetapeliwa, maana dakika zina uzito. Tumia namba rasmi iliyo kwenye programu yetu, si ile uliyotumiwa na mtu. Sisi hatutakuomba PIN.

Usifute chochote. Ujumbe wa muamala, mazungumzo ya WhatsApp, picha ya tangazo na ya namba ya siriali, risiti: hivyo ndivyo polisi watakavyouliza. Kwa mashine iliyovaa jina la kampuni nyingine, ripoti pia kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, iliyoundwa chini ya sheria ya 2008. Usijaribu kumuuzia mwingine ili urudishe hasara yako, kwa sababu kuuza bidhaa bandia ukijua ni kosa, na sasa unajua.

Jambo moja la kando. Kuwa na mashine hakukupi ruhusa ya kuchimba popote. Sheria ya Madini ya 2016 inawataka wachimbaji wadogo wawe na kibali, na kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Ukiwa Pwani karibu na magofu, acha mashine ndani ya gari. Kwenye shamba la mtu, piga hodi kwanza.