Kutoka Chupa ya Maabara Hadi Shambani: Jinsi ya Kuanzisha Biashara ya Bioteknolojia

Serikali na Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeunda vyombo vya kukuza bioteknolojia, lakini vijana wengi wenye shahada hukimbilia ruzuku kabla ya kujua sheria wala mnunuzi. Geuza mpangilio huo. Tuchukue mfano wa miche ya migomba ya tishu, upande wa Tanzania Bara.

1. Jua bidhaa yako iko chini ya nani. Miche ya tishu si GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni. Kipande kidogo cha chipukizi hukuzwa chupani kwenye jeli yenye sukari, madini na homoni, bila kuongezewa jeni. Kwa hiyo nenda TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ukihamisha jeni, utakutana na kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais.

2. Usijenge maabara, ingia ubia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro na Taasisi ya Nelson Mandela Arusha zina wataalamu na vifaa. Mkubaliane kwa maandishi: matokeo ni mali ya nani, kemikali ananunua nani, na umeme ukikatika hasara anabeba nani.

3. Zoesha miche hali ya nje kabla ya kuuza. Hapa ndipo mtaji hupotea. Jani la mche wa chupani halina nta ya kutosha, na likipigwa jua ghafla hunyauka. Osha jeli yote mizizini kwa maji safi, maana sukari yake huita ukungu. Panda kwenye udongo uliochemshwa, weka kivulini, funika kwa nailoni ili unyevu usitoke, kisha punguza kivuli kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Mweleze mkulima ukweli: mche ulioandaliwa vizuri huanza safi, bila fukusi wala minyoo ya mizizi, lakini haumkingi na mnyauko bakteria. Panga lililokata mgomba mgonjwa litaambukiza na mche huu. Asipoambiwa, atakulaumu wewe, na jirani yake hatanunua.

4. Linda ubunifu kabla ya kuutangaza. Kama umebuni mbinu mpya, omba hataza BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, au ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu lililopo Harare, kabla ya kuwasilisha kwenye kongamano. Ukishaianika hadharani, unaweza kukosa hataza. Aina mpya ya mmea ina njia yake: haki za wagunduzi wa mbegu, Wizara ya Kilimo.

5. Sasa omba fedha. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hufadhili utafiti na ubunifu, na mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu (MAKISATU) huibua wabunifu. Kikanda, mpango wa BioInnovate Africa, ulio chini ya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi, umekuwa ukitaka wanasayansi washirikiane na kampuni, tena kutoka nchi zaidi ya moja. Tafuta mwenza Uganda au Kenya mapema, kabla tangazo halijatoka.

6. Andaa njia ya mpakani. Mche hauvuki bila cheti cha afya ya mimea, ambacho nchini Tanzania hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Nchi unakopeleka nayo hudai kibali cha kuingiza. Mnunuzi wako akiombe kwanza, ndipo upakie.

Wiki hii tafuta vitu viwili: barua ya kikundi cha wakulima kinachotaka miche, na orodha ya masharti ya TOSCI. Ombi la ruzuku lenye nyaraka hizo linaonyesha biashara iliyokwisha kuanza, na biashara ya namna hiyo ndiyo inayostahili fedha za umma.