Oili gani kabla ya mvua ya Oktoba? Niliyoyaona kwa Ferguson yangu Kiritiri

Wiki iliyopita kijana mmoja dereva alinisimamisha sokoni Kiritiri, mtungi wa lita tano mkononi, kidole kakiweka juu ya maandishi. "Mzee, 15W-40. Hii W ni ya nini?" Nikamwambia ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, yale ya theluji. Akautazama mtungi, akatazama nje: saa nane ya Septemba, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa duka. "Sasa theluji na Mbeere ni wapi na wapi?"

Swali lake ndilo limenikalisha kuandika, maana mwezi huu kila mwenye trekta huku chini anatafuta oili. Sisi wa Mbeere tunaitegemea mvua ya Oktoba kuliko ile ya Machi, na ndengu hazimngoji mtu aliyefungua injini. Plau inaingia shambani ardhi ingali kavu, na kuanzia hapo hadi mvua ikolee trekta halipumziki. Ukikosea oili sasa, utajua Novemba, tena ukiwa katikati ya shamba la mtu aliyekwisha kulipa.

Trekta langu ni Massey Ferguson 240, nililinunua likiwa limeshatumika, injini ya Perkins ya silinda tatu isiyo na tabo. Nitakayosema yanahusu mashine za umri huo, ambazo ndizo nyingi huku. Mwenye trekta jipya la vichungi vya moshi na kompyuta afuate kitabu chake.

Tuanze na hizo namba. Ya mbele, yenye W, inaeleza oili inavyokuwa ikipoa. Oili ya 15W hujaribiwa kama inaruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na kama pampu inaweza kuivuta kwenye 25 chini ya sifuri. Hapa kwetu asubuhi ya Julai, watu wakiwa na makoti hadi saa nne, joto halikaribii hata sifuri yenyewe. Hata jamaa zetu wa Timau, kule kwenye ngano upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambako baridi ya alfajiri inauma kweli, bado wako mbali sana na hizo 25. Kwa hiyo mtu akikuuzia 5W au 10W kwa bei ya juu eti "inawasha haraka wakati wa baridi", mshukuru na uende zako. Trekta likikataa kuwaka Julai, tazama betri, kwangua vichwa vyake vilivyoota ukungu mweupe, kisha uangalie heta kama inapata moto. Kwangu mimi haijawahi kuwa oili.

Namba ya pili ndiyo yetu. Hiyo hupimwa kwenye nyuzi 100, joto ambalo oili hukutana nalo injini ikifanya kazi. Ni kipimo cha uzito inaobaki nao mchana ule ambao huwezi kuweka kiganja juu ya bati la boneti. Arobaini inatosha injini iliyo na afya. Hamsini, kama ile ya 20W-50, ni nzito zaidi ikishapata moto, na wazee wengi wa trekta hapa huiapia. Siwapingi moja kwa moja. Injini iliyochoka, inayotoa moshi wa buluu na kula oili, itatulia kidogo ukiipa hamsini. Lakini hapo umeifunika blanketi tu. Nimeona trekta lililoendeshwa misimu miwili kwa hamsini, mwenyewe akijisifu kuwa kelele zimeisha, na siku lilipofunguliwa beringi za krenki zilikuwa zimebaki shaba tupu.

Sasa herufi, ambazo watu huziruka kabisa. Nyuma ya mtungi tafuta alama ya API. Ikianza na S, hiyo ni oili ya petroli. Ikianza na C, ni ya dizeli. Duka lililo karibu na stendi lina oili nyingi za bodaboda, na ni rahisi kwa dereva kuokota 20W-50 ya SL akidhani uzito ukilingana basi mambo sawa. Si sawa. Dizeli hutoa masizi mengi, na oili yake hutiwa dawa ya kuyashika yasigande kuwa tope ndani ya sampu. Ile ya pikipiki haikuandaliwa kwa mzigo huo. Mitungi mingine ina C na S pamoja, kwa mfano CI-4/SL. Hiyo haina neno, herufi C ipo.

Baada ya C kuna herufi nyingine, na kadiri alfabeti inavyosonga ndivyo kiwango kilivyo kipya: CF-4 ni ya 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, CK-4 ya 2016. Perkins yangu ilibuniwa kabla ya hizo zote, kwa hiyo haihitaji ya juu kabisa. Mimi natia CI-4, kwa sababu dawa yake ya masizi ni nzuri na inapatikana hadi Embu mjini bila kuagiza. Ukikosa, CH-4 itakufaa. CF iliyo peke yake, bila namba, niliacha kuinunua. Kiwango hicho kilikwisha kustaafishwa.

Kuna jambo moja la zamani ambalo bado linarudiwa gereji: eti dizeli yetu ina salfa nyingi, kwa hiyo oili imwagwe mapema sana kabla asidi haijala chuma. Lilikuwa kweli. Tangu 2015 salfa imeshushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, na hofu hiyo imepungua. Kilichobaki ni wachanganyaji. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili isilipe tena kuyachanganya na dizeli. Hata hivyo, mimi sinunui dizeli ya kwenye jerikeni barabarani, hata mwenye nayo akiwa shemeji.

Na sasa aibu yangu. Msimu wa pili nikiwa na Ferguson hii nilikuwa nalima upande wa Karaba, kwenye udongo mweusi unaovuta plau kama unataka kuimeza. Alasiri nikaona taa nyekundu ya oili inakonyeza kila nikipunguza moto. Nikiongeza, inazima. Nilikuwa nimetia oili mpya siku tisa tu zilizopita. Moja kwa moja nikajua nimeuziwa maji. Nilipanda pikipiki hadi kwa muuzaji, nikamfokea mbele za wateja wake, nikasema maneno ambayo mtu wa rika langu hapaswi kuyasema hadharani.

Kesho yake fundi wangu akaja. Hakuuliza chapa ya oili. Alichomoa dipstiki, akaifuta kwa kitambaa, akaichovya tena, akaiinua kwenye mwanga. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili.

"Mzee, oili yako inazaa?"

Sikuelewa. Akanipa ninuse. Dizeli. Akasugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, likateleza jepesi kama mafuta ya taa. Kisha akanionyesha ile pampu ndogo ya kuvuta dizeli iliyo ubavuni mwa injini, yenye kimkono cha kupampia kwa kidole. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Kikipasuka, dizeli hupita katikati na kushuka ndani ya sampu, kidogo kidogo, siku nzima. Oili nzuri kabisa inageuka uji mwepesi, presha inaanguka, na dipstiki inakwambia umejaa neema. Sehemu yenyewe inaenea kiganjani. Tulibadilisha pampu, tukamwaga oili yote, tukatia nyingine. Beringi zilipona kwa sababu nilizima trekta siku ileile. Ningekaidi hadi jioni, ningenunua krenki.

Nilirudi dukani kuomba radhi. Muuzaji alinisikiliza, akaniuza lita saba nyingine kwa bei kamili, bila kupunguza hata shilingi. Haki yake.

Tangu hapo najua kusoma dipstiki. Oili ikipungua, inavuja au inaungua, na una muda wa kufikiri. Ikipanda, zima. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, nayo ni safari nyingine. Ikiwa nyeusi, usitishike: oili ya dizeli hubadilika rangi baada ya saa chache tu, maana inayabeba masizi, ndiyo kazi tuliyoinunulia. Ninapokuwa na shaka nadondosha tone kwenye karatasi nyeupe na kuliacha usiku kucha. Doa likitawanyika taratibu hadi kingoni, bado ina nguvu. Likibaki jeusi tii katikati kama lami, imechoka. Na pete angavu ya mafuta ikijitokeza nje ya doa, nanusa tena, kisha nakwenda kuikagua ile pampu.

Adui mwingine ni vumbi, na hapa ndipo Mbeere inatofautiana na wanaolima kwenye unyevu kule juu Runyenjes au Manyatta. Tunalima ardhi ikiwa unga. Dereva akishuka jioni ana kope nyekundu. Vumbi hilo likipita kwenye kichungi cha hewa linaingia kwenye oili na kuigeuza msasa. Trekta kama langu, lenye bakuli la oili kwenye kichungi cha hewa, linataka bakuli hilo lifunguliwe kila jioni ya msimu wa kavu. Utakuta tope chini, zito kama ugali wa wimbi. Mwaga, osha, tia oili safi hadi kwenye alama na usizidishe, injini isije ikainywa. Mtu anayetia CI-4 ya bei ghali na kuacha bakuli wiki tatu anatupa pesa.

Kwa sababu hiyo mimi sifuati saa 200 au 250 ambazo trekta nyingi za aina hii hupewa. Nabadilisha kwenye 150. Kama mita yako ya saa imekufa, hesabu ekari: kwangu, kwa diski tatu, ekari moja hula saa moja na robo hivi, kwa hiyo ekari 120 ni oili mpya. Na hata kama saa hazijafika, naimwaga ya zamani mwishoni mwa Septemba. Trekta linalolala Juni na Julai, likiwashwa mara moja moja kubebea maji, hukusanya unyevu ndani bila kupata moto wa kuukausha.

Kununua: mtungi uliofungwa, pete ya mfuniko haijakatika, tarehe inasomeka. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa naitumia kwenye mnyororo wa lango. Chini ya alama ya KEBS kuna namba. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukianza na SM#, nawe utajibiwa ni bidhaa ya nani. Jina likitofautiana na lililo kwenye mtungi, uache hapohapo. Na ukimaliza oili nyumbani, toboa mtungi. Mitungi mizima yenye chapa kubwa hununuliwa na watu usiotaka kujua wanaijaza nini.

Kumwaga kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Washa injini robo saa, simama mahali tambarare, weka jiwe nyuma ya gurudumu, fungua nati ya sampu na uiache hadi itone tone la mwisho. Mimi hunywa chai kabisa. Badilisha washa ya nati na filta, kila mara, maana filta kuukuu ina karibu glasi nzima ya uchafu wa jana. Yangu inachukua kama lita saba, lakini naamini dipstiki kuliko kumbukumbu. Kabla ya kuwasha, vuta kizimio na uzungushe stata kwa vipindi vifupi hadi taa izime, ndipo uiachie iwake. Oili ya gia na haidroliki ni nyingine kabisa, ina mtungi wake na majina yake. Usitie ya injini humo, hasa kama breki zako zimezama ndani yake.

Ile chafu napaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, kwa brashi, na inayobaki nairudisha gereji kwenye pipa. Tafadhali msiimwage mtaroni. Maji ya huku yote yanateremka hadi Tana, na chini yetu kuna Kamburu, ambako watu wanavua.

Jumamosi nilifunga nati ya sampu mita ikisoma 6,412. Nimeiandika namba hiyo kwa rangi nyeupe chini ya boneti, na pembeni yake 6,562, ili dereva naye aione.