Kompyuta ni Yako, Programu Je?

Mwanafunzi anayenunua kompyuta ya mitumba huikuta Microsoft Office imo tayari, na kudhani kwamba amenunua vyote. Sivyo. Programu hutumiwa kwa leseni, yaani ruhusa ya mwenye hakimiliki, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda kama inavyolinda kitabu. Nakala haramu huweza kuja na virusi, na kazi ya muhula mzima ikapotea usiku mmoja.

LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, hupakuliwa bila malipo, na leseni yake inaruhusu kuinakili na kuwagawia wenzake darasani. Kiolesura chake, yaani mpangilio wa menyu na vitufe kwenye skrini, humsumbua mgeni siku chache tu. Faili za Word hufunguka humo, ingawa kurasa huenda zikasogea kidogo. Kabla ya kupeleka kazi ichapishwe kwenye saiba, ni vyema kuihifadhi kama PDF.