Kalafati na Upondo: Kufundisha Usalama wa Programu kwa Mifano ya Delta

Baada ya Sensa ya 2022, walimu wengi walipewa vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Vishikwambi hivyo huendeshwa na Android, hali kompyuta ya ofisi ya shule aghalabu huendeshwa na Windows. Basi mwanafunzi wa Kibiti aweza kuuliza: je, kasoro ya usalama iliyo katika mfumo endeshi mmoja huwamo pia katika mwingine? Mwalimu akijibu "hapana", atawaachia watoto usalama wa uongo. Akijibu "ndiyo", atawatia hofu bure. Yatupasa kwanza kuuliza kasoro iko wapi. Twashauri mifano mitatu ambayo watoto wa Delta ya Rufiji waijua.

1. Kasoro ya chombo chenyewe. Mashua huundwa kwa mbao, na maungio yake hutiwa kalafati. Mtumbwi wa kuchonga ni gogo moja. Kalafati ikilegea, mashua huvuja. Mtumbwi hauna kalafati ya kulegea. Ndivyo ilivyokuwa Mei 2017, kirusi WannaCry kilipoenea katika nchi zaidi ya 150 kwa kupitia kasoro ya Windows. Simu za Android hazikuwa na kasoro hiyo. Microsoft ilikwisha kutoa rekebisho mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao hawakulitia.

2. Kasoro ya kifaa cha wote. Mashua na mtumbwi vyaweza kusukumwa kwa upondo mmoja wa mkoko. Ukiwa umeoza ndani, utavunjika popote. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iitwayo Heartbleed, iliyokuwa katika OpenSSL, programu ya kulinda siri za mawasiliano. Kwa kuwa OpenSSL ilitumiwa na wengi, kasoro ilionekana katika mitambo ya Linux, katika baadhi ya programu za Windows, na hata katika simu za Android 4.1.1.

3. Kasoro ya nahodha. Nahodha akimkabidhi tapeli chombo chake, ubora wa chombo haumsaidii. Vivyo hivyo, anayemtajia mwingine nywila yake hupata hasara, awe na kishikwambi au kompyuta.

Hatua za somo
(a) Wanafunzi wachore mashua, mtumbwi na upondo.
(b) Mwalimu ataje kasoro mojamoja. Wanafunzi waseme ni chombo kipi kitakachodhurika, na kwa nini.
(c) Ndipo yatajwe majina ya kompyuta na programu.

Tahadhari: mfano usizidishwe. Upondo mbovu huonekana ukivunjika, lakini kasoro ya programu yaweza kukaa miaka bila kujulikana. Heartbleed ilikaa takriban miaka miwili. Kwa hiyo tuwazoeze wanafunzi kutia masahihisho kila yatolewapo, katika kila kifaa.

Zoezi kwa mwanachuo: Faili lenye kirusi cha Windows limehifadhiwa katika kishikwambi, nacho hakikudhurika. Eleza kwa nini kulihamishia kwenye kompyuta ya ofisi ni hatari.