Mnara wa Cordouan na Lenzi ya Fresnel

Mto Gironde unapoingia Bahari ya Atlantiki, kusini magharibi mwa Ufaransa, pana mafungu ya mchanga yanayohamahama, na meli nyingi zimeangamia hapo. Mwaka 1584 mhandisi Louis de Foix alianza kujenga mnara wa taa wa Cordouan juu ya mwamba, katikati ya maji. Ulikamilika mwaka 1611. Mwishoni mwa karne ya 18 uliongezwa kimo, na leo una mita zipatazo 68 na vidato 301.

Lakini mnara mrefu wenye taa hafifu haumfai nahodha. Watunza mnara walianza kwa kuchoma kuni, yakaja makaa ya mawe, kisha taa za mafuta zilizowekewa vioo vya metali nyuma yake ili kuakisi mwanga. Vioo hivyo vilimeza karibu nusu ya mwanga, na masizi yakavifubaza.

Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara na madaraja, aliachana na kuakisi. Alitaka mwanga upite ndani ya kioo na kupindishwa mbele ya taa. Kikwazo kilikuwa unene: lenzi kubwa ya kawaida hutuna katikati, ikawa nzito mno, na kioo kinene chenyewe hupunguza mwanga. Fresnel alijua kwamba kinachopinda mwale ni mwinamo wa uso wa kioo. Basi akaondoa unene, akabakiza mwinamo. Katikati aliweka lenzi ndogo ya mviringo, akaizungushia pete za kioo, kila pete na pembe yake. Ukiitazama ubavuni utaona ngazi ngazi. Miale iliyokuwa ikitawanyika ovyo ikatoka sambamba, ikielekea upeo wa macho. Huu ni uvumbuzi uliookoa maisha ya mabaharia wasiohesabika.

Lenzi hiyo iliwashwa Cordouan tarehe 25 Julai 1823. Ilizungushwa na mtambo kama wa saa, hivyo aliye baharini aliona mmweko, giza, kisha mmweko tena. Kwa mpangilio huo kila mnara uliweza kutambulika usiku. Fresnel alifariki mwaka 1827 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 39. Cordouan iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2021.

Kwetu, mnara wa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, uliojengwa mwaka 1904, bado unaongoza vyombo. Mvuvi au nahodha, ukiona taa ya mnara wowote imezimika au inamweka tofauti na kawaida yake, toa taarifa mara moja katika ofisi ya bandari iliyo karibu nawe.