CHANJO YA EBOLA: VIRUSI MOJA INABEBA ALAMA YA INGINE

Wanafunzi wenzetu, wengi munauliza: kama ndani ya chanjo ya Ebola muko kitu cha Ebola, haiwezi kutupatia ugonjwa? Tuangalie vizuri.

Virusi ya Ebola iko na protini juu ya ngozi yake. Kwa protini ile inashika seli na kuingia. Wenye elimu walitwaa virusi ingine, ile inayoleta vidonda mu kinywa cha ngombe. Waliondoa protini yake ya juu, wakaweka ya Ebola pahali pake. Ebola iko na jeni saba. Hapa walichukua moja tu. Kwa hiyo Ebola haiwezi kuzaliwa humo. Lakini mwili unaona alama ya adui, unatayarisha askari mbele ya vita.

Chanjo hii, Ervebo, ilijaribiwa Guinea mwaka 2015. Kwetu Kongo, mu mlipuko wa 2018 mpaka 2020 kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu zaidi ya 300 000 waliipata. Inakinga Ebola ya aina ya Zaire tu.

Basi mzee akisema nyumbani kwamba sindano inaleta Ebola, tusimucheke. Tumueleze kwa heshima: ni alama tu, ugonjwa haumo.